Mabano ya Brussels

Rasimu ya sheria ya Umoja wa Ulaya ikiwa bado mezani hutambulika kwa mabano yake. Maneno ambayo nchi fulani haijayaridhia hufungiwa ndani ya mabano ya mraba: hapa kitenzi, pale tarehe, kwingine aya nzima. Kazi ya miezi, pengine miaka, ni kuyaondoa moja baada ya jingine mpaka karatasi ibaki safi.

Wanaoyaondoa hatuwajui. Kamera husubiri marais na mawaziri wakuu washuke garini mbele ya jengo la Europa, lakini ubishi wenyewe umekwisha kupita katika kamati na vikundi zaidi ya 150 vya maofisa kutoka nchi 27. Kinachowashinda maofisa hupanda kwa mabalozi, kwenye kamati ambayo Brussels nzima huiita Coreper. Na kabla mabalozi hawajaketi, wasaidizi wao wamekwisha kukutana na kuambiana nani atakataa nini, na kwa ukali kiasi gani. Kundi mojawapo la wasaidizi hao linaitwa Antici, jina la mwanadiplomasia wa Italia aliyelianzisha mwaka 1975.

Yaliyomalizwa na mabalozi huwekwa kwenye ajenda ya mawaziri chini ya herufi A, maana yake yapite bila mjadala. Kwa kuwa kisheria Baraza la mawaziri ni moja tu, mawaziri wa uvuvi wanaweza kupitisha sheria ya mabenki kisha wakarudi kwenye samaki wao. Watu huwacheka. Mimi huona hapo alama ya kazi iliyokamilika: hakuna aliyebaki na neno.

Kura zipo. Kwa mambo mengi ya sheria zinatakiwa nchi 15 kati ya 27, yaani asilimia 55, zenye angalau asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Na wanaotaka kuzuia sharti wawe nchi nne au zaidi. Mwenyekiti hodari anaijua hesabu hiyo kichwani na haitaji. Anasikiliza nani amesema “hapana” na nani amesema “bado”. Anaweza kumwita kila mjumbe chemba, mmoja mmoja, amuulize anahitaji nini hasa. Waziri anayejua atashindwa hahitaji kushinda, anahitaji kitu cha kuwaonyesha watu wa kwao. Mkono mtupu haulambwi. Basi hupewa: miaka miwili zaidi ya maandalizi, sentensi katika utangulizi wa sheria, tamko lake kuingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Naye hulegea.

Kwa nini wasipige kura tu yaishe? Walionja machungu mapema. Katikati ya mwaka 1965 Ufaransa ya Charles de Gaulle ilisusia vikao vya Baraza, ikilalamikia fedha za kilimo na kupanuliwa kwa kura za wingi. Kiti kilikaa kitupu hadi Januari 1966, walipopatana mjini Luxembourg. Andiko la mapatano yale linanistaajabisha mpaka leo: nchi sita wanachama wa wakati ule zilikiri kwa maandishi kwamba hazikubaliani nini kifanyike mwafaka ukishindikana, kisha zikaandika kuwa tofauti hiyo isizuie kazi kuendelea. Zikarudi kazini.

Pale Arusha, mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unawataka wakuu wa nchi waamue kwa mwafaka. Hakuna asilimia 55 ya kumtisha mkaidi, kwa hiyo ustadi wa namna hii unahitajika kwetu kuliko kwao.

Ulaya nayo huvuliwa ngao ya kura za wingi kila linapokuja suala la siasa za nje, au la kupokea wanachama wapya. Hapo nchi moja inatosha kukwamisha. Desemba 14, 2023, kwenye kikao cha wakuu wa nchi, Viktor Orbán wa Hungaria alikuwa anapinga kufunguliwa kwa mazungumzo ya uanachama wa Ukraine. Iliripotiwa kwamba Olaf Scholz wa Ujerumani alimshauri atoke akanywe kahawa. Alitoka, na waliobaki 26 wakaamua. Aliyeondoka hakupiga kura ya ndiyo wala ya hapana, na uamuzi ukasimama.

Usiku huohuo Orbán akazuia yuro bilioni 50 za kuisaidia Ukraine. Alitaka msaada huo upigiwe kura kila mwaka, jambo ambalo lingempa kura ya turufu tena na tena. Mafundi wakarudi kwenye karatasi. Februari 1, 2024 nchi zote 27 zilikubali. Kila mwaka utakuwepo mjadala, si kura. Na baada ya miaka miwili, “ikihitajika”, Kamisheni ya Ulaya itaombwa kupendekeza mapitio. Neno hilo moja halikumpa Orbán turufu aliyoitaka, wala halikumrudisha Budapest mikono mitupu. Nani aliliandika, haijatangazwa.