Mkono Uliozima King'ora

Katika video ya Toronto kuna kitendo kimoja kidogo ambacho wengi wamekitazama bila kukiona. Askari yuko nje ya gari lake, bastola mkononi, ameielekeza kwa kijana aliyesimama kando ya gari jeupe la kukodi. King'ora kinalia. Kijana anachomoa kitu cheusi kiunoni, anakinyoosha mbele kama mtu anayelenga shabaha, anakirudisha, anakichomoa tena. Askari anamwamuru alale chini. Kijana anamjibu kwamba anataka kuuawa. Katikati ya majibizano hayo, askari anaingiza mkono ndani ya gari na kuzima king'ora.

Ilikuwa tarehe 23 Aprili 2018. Askari alikuwa Konstebo Ken Lam wa kikosi cha trafiki, na alikuwa peke yake. Dakika chache kabla ya hapo, Alek Minassian, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa ameliendesha gari lile juu ya njia ya waenda kwa miguu ya Yonge Street, akigonga watu kwa umbali wa kilometa mbili hivi. Watu 10 walikufa siku hiyo. Mwanamke mmoja aliyelazwa hospitalini zaidi ya miaka mitatu alifariki mwaka 2021, akawa wa 11. Pamoja na yote hayo, Lam alimkamata kijana yule bila kufyatua hata risasi moja, kwa muda usiofika dakika nzima.

Alisifiwa dunia nzima, na sifa aliyopewa zaidi ni utulivu wa moyo. Siikatai, lakini inanisumbua, kwa sababu inatufanya tuamini kwamba jambo lile lilitokana na tabia aliyozaliwa nayo mtu, ambayo wengine hatuna. Mimi nilichokiona ni kazi ya ufundi. Huruma peke yake isingemvusha sekunde zile. Uamuzi wa kuua au kutoua mtu mwenye silaha huonekana kama unafanywa na kidole, lakini kidole hufika mwisho kabisa. Kabla yake miguu imeshaamua mahali pa kusimama, na masikio yameshaamua kama yatasikia au hayatasikia.

Tuanze na king'ora. Sauti ile imetengenezwa ili kuwashtua watu wapishe njia. Ikiendelea kulia baada ya gari kusimama, humshtua na askari mwenyewe: mapigo ya moyo yanapanda, maneno hayasikiki vizuri, kila mmoja anapiga kelele ili amshinde mwenzake. Lam alipokizima, mazungumzo yakasikika. Kijana akadai ana bunduki mfukoni. Lam akamjibu kwamba hilo halimbabaishi, alale chini. Kijana akataka apigwe risasi ya kichwa. Hapo askari alikuwa amepata taarifa ambayo asingeipata kwa kelele. Mtu anayetaka kukuua hakuombi umuue yeye. Bado angeweza kuwa na bunduki, na watu wanaotafuta kifo wamewahi kuua askari, lakini picha ilikuwa imebadilika.

Kisha tazama miguu. Kijana anaposogea mbele, Lam anarudi nyuma, na kila hatua ya kurudi inamwongezea muda wa kutazama. Mwishoni, kijana alipoanza kulegea, Lam aliirudisha bastola kwenye ala, akatoa kirungu, akamwendea. Kijana akalala, akatiwa pingu. Kile kitu cheusi hakikuwa bunduki.

Kwa maoni yangu, kama Lam angefyatua pale mwanzo, sheria ya Kanada ingemlinda. Inamruhusu askari kutumia nguvu ya kuua anapoamini, kwa sababu za msingi, kwamba ni lazima ili kuokoa maisha yake au ya mwingine, na mtu aliyetoka kuua watu kisha akakunyooshea kitu kama bastola anatoa sababu za kutosha. Ndiyo maana tukio hili lina mafunzo: Lam alikuwa na ruhusa, na bado alijitengenezea nafasi ya kutoitumia.

Nafasi hiyo hupimika kwa mita na sekunde. Mwaka 1983, Dennis Tueller, mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City nchini Marekani, aliandika makala kuhusu swali lililokuwa likiwasumbua wanafunzi wake: mtu mwenye kisu akiwa umbali gani ndipo awe hatari kwa mwenye bastola iliyomo kwenye ala? Aliwapima watu wakikimbia, akaona kwamba futi 21, yaani mita 6.4, mtu wa kawaida huzimaliza kwa sekunde moja na nusu hivi. Muda huohuo ndio askari aliyefunzwa huuhitaji kuchomoa na kufyatua.

Niliijaribu hesabu hiyo nyumbani. Nilipima kwa tepu kutoka ngazi ya kibaraza hadi shina la mpapai, nikamweka mpwa wangu wa kidato cha pili pale kwenye mpapai, peku, mwiko wa ugali mkononi. Mimi nilificha tochi chini ya shati. Kazi yangu ilikuwa kuitoa na kummulika kifuani kabla mwiko haujanigusa. Tulirudia mara tano. Mara tatu mwiko ulinifikia tochi ikiwa bado imenasa kwenye shati, na mara mbili tulifika pamoja, ambayo kwa kisu maana yake ni kwamba nimechomwa. "Mjomba," akaniambia huku akihema, "ukisimama tu pale umekwisha." Basi mara ya sita sikusimama. Alipoanza kukimbia nilijitupa nyuma ya pipa la maji. Ilibidi alizunguke, na katika kuzunguka kwake nilipata muda wa kutoa tochi, kummulika, na hata kumwita jina lake mara mbili.

Hilo pipa ndilo Tueller alilokuwa akilizungumzia. Watu wengi waliichukua hesabu yake wakaifanya kanuni kwamba mwenye kisu akiwa ndani ya futi 21, apigwe risasi. Yeye aliandika onyo: ukijikuta karibu hivyo umeshaingia hatarini, kwa hiyo jiandae mapema, sogea, tafuta kinga. Kinga ikiwa kati yenu, hukumu yako inapata pa kupumulia.

Sasa tuone kinyume chake. Tarehe 22 Novemba 2014, Cleveland, Ohio, mtu alipiga simu polisi akisema kuna mtu kwenye bustani anawaelekezea wengine bastola. Akaongeza kwamba huenda bastola ni bandia na huenda mwenyewe ni mtoto. Maneno hayo mawili hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lao lilipita juu ya majani likasimama mita chache tu kutoka kwa Tamir Rice, mwenye miaka 12 na bastola ya kuchezea. Askari aliyekuwa upande wa abiria alifyatua ndani ya sekunde mbili tangu kufika. Mtoto alifariki siku iliyofuata.

Desemba 2015 baraza la mahakama lilikataa kuwashtaki askari wale. Sheria ya Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Graham dhidi ya Connor mwaka 1989, humpima askari kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwapo pale pale, na kwa miaka mingi aghalabu macho hayo yalikazwa kwenye ile nukta ya mwisho: mkono umeenda kiunoni, askari ameogopa, amefyatua. Ukiitazama nukta hiyo peke yake, utaona mtu asiye na njia nyingine. Lakini nani alizifunga njia nyingine? Kama gari lingesimama mbali, askari wakakaa nyuma ya injini yake na kupaza sauti, sekunde mbili zingekuwa dakika mbili. Uchambuzi wa kweli lazima uirudishe video nyuma, hadi kwenye usukani, hadi kwenye simu ya yule aliyeripoti. Mwaka 2016 jiji la Cleveland lilikubali kuilipa familia dola milioni 6.

Nisieleweke kwamba nasifu kusitasita. Usiku wa tarehe 3 Juni 2017, wanaume watatu waliwagonga watu kwa gari kwenye Daraja la London, wakashuka na visu vya kauri vya jikoni wamevifunga mikononi, wakaanza kuchoma watu kuelekea Borough Market. Walivaa mikanda iliyofanana na mabomu. Waliua watu 8. Polisi wenye silaha waliwaua wote watatu ndani ya dakika 8 tangu simu ya kwanza. Mikanda ilikuja kubainika kuwa ya bandia, lakini aliyekuwa pale hakuwa na namna ya kujua, na washambuliaji walikuwa wakiwakimbilia askari huku visu vikiwa mikononi. Hapo hakukuwa na kurudi nyuma wala kuzungumza, maana kila sekunde ya kungoja ingelipwa na mtu mwingine aliyelala barabarani. Kijana wa Toronto alikuwa ameshashuka garini na hakuwa akimdhuru mtu yeyote wakati ule. Tofauti hiyo ndiyo jicho la askari linapaswa kuitafuta kwanza: je, madhara yanaendelea sasa hivi, au yamesimama?

Kwetu, swali hili huwafika raia mara nyingi kuliko wanavyodhani, saa nane za usiku, mlango unapopigwa jiwe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 18B, inakuruhusu kutumia nguvu ya kadiri inayohitajika kujitetea. Ukipitiliza na mtu akafa, una hatia ya kuua bila kukusudia. Kifungu cha 18C kinaifikisha haki hiyo hadi kusababisha kifo, pakiwamo kwenye wizi wa kuvunja nyumba na unyang'anyi, na wengi wakisikia hivyo huishia hapo. Wanaacha sehemu nzito zaidi: lazima uwe umetenda kwa nia njema, ukiamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba kitendo chako kilihitajika. Jambazi aliyeinua panga sebuleni mbele ya watoto ni jambo moja. Jambazi huyohuyo akishadondosha panga na kuruka ukuta na televisheni ni jambo jingine, japo umepita nusu dakika tu. Na aliyekwisha kukamatwa, amekalishwa chini, watu wamemzunguka na mawe, huyo hamtishii tena mtu yeyote pale. Anayemrushia jiwe hajitetei.

Kenya imeliweka wazi zaidi kwa upande wa askari. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linataka bunduki itumike pale tu njia nyepesi haitoshi, askari ajitambulishe na kuonya isipokuwa onyo lenyewe litahatarisha maisha, na kila risasi iliyofyatuliwa iripotiwe kwa mkubwa wake hata kama haikumjeruhi mtu. Kukiwa na kifo au jeraha kubwa, taarifa iende kwa mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Nalipenda hilo sharti la risasi isiyomgusa mtu. Linafungua nafasi ya kumuuliza askari alikuwa amesimama wapi, na kwa nini hakuwa nyuma ya kitu.

Kwa kuwa alikamatwa hai, Minassian alishtakiwa. Mawakili wake waliegemea hali ya akili yake. Tarehe 3 Machi 2021 Jaji Anne Molloy aliukataa utetezi huo, akamtia hatiani kwa makosa 10 ya mauaji na 16 ya kujaribu kuua. Juni 2022 alimhukumu kifungo cha maisha, bila nafasi ya kuomba kuachiwa kwa masharti kabla ya miaka 25. Kabla ya hukumu, walionusurika na ndugu za waliokufa walisimama mahakamani kueleza walichopoteza. Siku ile barabarani Minassian alikuwa ameomba risasi ya kichwa. Sasa alikuwa ameketi, na wao wakazungumza mbele yake mmoja baada ya mwingine.