Mbona Brian Hakukamatwa?

Kitabu kinaitwa Hatchet, yaani kishoka. Mwandishi ni Gary Paulsen, Mmarekani aliyefariki mwaka 2021. Kilitoka mwaka 1987, na mwaka uliofuata kikapata heshima ya Newbery, ambayo Wamarekani huwapa waandishi wa vitabu vya watoto na vijana. Huko kwao ni kitabu cha darasani, kama kwetu Ngoswe. Hapa Tanzania hakimo kwenye orodha ya mtihani. Kikifika, kimefika ndani ya boksi la msaada, kimebanwa kati ya kamusi na vitabu vya hesabu vya nchi nyingine. Mimi nimekisoma Musoma na vijana wa kidato cha pili na cha tatu, wengine wa hapa hapa mjini, wengine wametoka Bunda na Butiama kuja kukaa bweni. Dai langu katika makala haya ni moja tu: Hatchet ni riwaya nzuri na ifundishwe, lakini ukiifundisha mkoani Mara bila kuuliza pori lile ni la nani, umefundisha nusu ya kitabu.

Kwa ambaye hajakisoma, kisa ni hiki. Brian Robeson ana miaka 13 na wazazi wake wameachana. Anapanda ndege ndogo kwenda kwa baba yake, kaskazini mwa Kanada. Angani wako wawili tu, yeye na rubani, na rubani anashikwa na moyo, anakata roho. Mtoto anaishika ndege mpaka mafuta yanapokwisha, inatumbukia ziwani, yeye anaokoka. Hana chakula wala kiberiti. Ana kishoka kiunoni, zawadi ya mama yake. Anakaa huko siku 54.

Tuanze na fani, maana hapo Paulsen kafaulu kweli kweli. Sentensi zake ni fupi, na neno likishatumika hulirudia, mara mbili, mara tatu, kama pumzi ya mtu mwenye hofu. Vijana ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha walikwenda naye bila kukwama. Halafu mwandishi hana haraka. Moto unapatikana baada ya kushindwa mara nyingi: cheche zinatoka kwenye jiwe, zinazimika, anajaribu nyasi, anajaribu karatasi ya noti, anajaribu magamba membamba ya mti, mpaka anagundua kwamba moto unataka pia kupulizwa. Kwenye kuvua samaki, Brian anakosa na kukosa hadi anapokumbuka kuwa maji hupinda mwanga, kwamba samaki hayupo pale anapoonekana. Vijana wanaokaa karibu na mwalo wa Mwigobero walicheka. Wao hilo wanalijua tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa ni sayansi.

Paulsen aliweza haya kwa sababu pori alilijua. Kakulia Minnesota, kawahi kutega wanyama, na mwaka 1983 alishindana kwenye Iditarod, yale mashindano ya mbwa wa kuvuta sleji kule Alaska. Waandishi wenzangu wa mjini, mnaopenda kumpeleka mhusika msituni ilhali msitu mmeuona kwenye kalenda, hapo pana somo.

Sasa twende kwenye maudhui, ambako ndiko shughuli ilikoanzia. Si mnajua tulivyozoeshwa kuhakiki: dhamira, ujumbe, falsafa, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Madaftari yalijaa upesi. Ujumbe wa kwanza, tusikate tamaa. Wa pili, tujitegemee. Wa tatu, talaka huathiri watoto. Yote sawa, na mtihani ungekuwepo wangepata vema. Ila kijana mmoja wa upande wa Bunda, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: "Mwalimu, mbona Brian hakukamatwa?"

Darasa likacheka. Halafu likanyamaza, maana wengi walielewa anachouliza.

Hebu tuangalie. Brian anavua samaki, anaua ndege, anawinda sungura, anafukua mayai ya kobe wa maji na kuyala mabichi. Anafanya hivyo kwenye ardhi isiyo yake, na kila mnyama anayemwangusha sisi wasomaji tunashangilia, tunasema mtoto kakomaa. Kijana wa kijiji kinachopakana na Serengeti akitega nyumbu kwa waya ili watu wale nyama, jina lake ni jangili. Atakutana na askari wa wanyamapori, kisha hakimu, kisha gereza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi, na ile ya 1974 iliyoitangulia nayo haikucheka na mtu. Vijana wale hawakuhitaji kuelezwa. Kuna nyumba ambamo baba hayupo kwa sababu ya nyama.

Sisemi kwamba ujangili ni ushujaa. Waya hauchagui, unamnasa nyumbu, unamnasa simba, unamnasa na mnyama asiyeliwa, na wengi hufa na kuoza bila mtu kuwafuata. Kwenye miaka ya themanini tembo na faru wa Serengeti walichinjwa nusura waishe, na walionufaika hawakuwa wanakijiji wenye njaa. Pia Brian ana dharura, na dharura ni kitu kingine na biashara ya nyama. Ila swali la yule kijana halikuwa la sheria. Alikuwa anauliza kwa nini kitendo kile kile kikifanywa na mtoto wa kitabuni ni uhodari, na kikifanywa na mtu anayemjua ni kosa. Hilo ni swali la fasihi hasa. Linauliza mandhari ya riwaya yamejengwaje hata swali lenyewe lisitokee.

Jibu lipo kwenye neno moja la Kiingereza: wilderness. Niliwaambia wanafunzi walitafsiri. Mmoja akasema pori, mwingine msitu, mwingine nyika, kama kwenye Biblia anakohubiri Yohana Mbatizaji. Wa nne akasema hifadhi. Ubishi ukawa mkubwa, na kila mmoja alikuwa na hoja. Porini watu huchunga, huchuma dawa, hukata kuni. Msitu ni miti. Nyikani huendi kwa raha yako. Hifadhi ina geti na kiingilio, na neno lenyewe linakuambia kuna anayehifadhi na kuna anayehifadhiwa. Lakini wilderness ni kitu cha namna yake. Wamarekani waliitungia sheria mwaka 1964, na kwa sheria hiyo ni mahali ambapo binadamu ni mgeni tu, anapita, hakai. Yaani utupu wake ndio thamani yake. Riwaya ya Brian inaishi ndani ya wazo hilo: ili shujaa awe peke yake, lazima kwanza ardhi iwe haina mtu.

Wazo hilo lina historia huku kwetu. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani yake waliondolewa, wakaelekezwa Ngorongoro. Mwaka huo huo Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu yake iliyoitangaza Serengeti dunia nzima, ambayo baadaye ilipata tuzo ya Oscar. Grzimek alishikilia kuwa hifadhi lazima iwe bila watu, hata wenyeji. Yeye na mwanawe Michael walihesabu wanyama kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari ya punda milia, na Januari 1959 Michael alianguka na ndege hiyo, akafa. Kwa hiyo ndege ndogo iliyoanguka nyikani tunayo, na ni ya kweli. Wanafunzi walipoisikia habari hiyo hawakuuliza rubani angeishije porini kama angepona. Waliuliza nani alimwona wa kwanza. Kwao ilikuwa dhahiri kwamba yupo mtu wa kuona.

Na hapa ndipo nawaomba walimu wasifunge kitabu kabla ya ukurasa wa mwisho. Brian anaokolewa na rubani ambaye mtambo wa dharura ulimvuta bila Brian mwenyewe kujua ameuwasha. Yule rubani alikuwa anafanya nini huko? Paulsen anatuambia, kwa kupita tu, kwamba ni mnunuzi wa ngozi za wanyama, alikuwa anachora ramani ya kambi za wategaji wa kabila la Cree. Niliposoma hapo kwa sauti, mtu wa nyuma akasema, "Kumbe kuna watu!" Ndiyo, kuna watu. Wana kambi, wana mitego, wana mnunuzi anayewafuata kwa ndege. Pori ambalo tumelisoma kuwa tupu lina wenyewe, na wenyewe wamepewa sehemu ya sentensi moja, hadithi ikiwa imekwisha. Mimi naona huo ndio udhaifu mkubwa wa riwaya hii, na hapo hapo ndiyo nafasi yake bora ya kufundishia. Mwandishi mwongo zaidi angelifuta hata hilo.

Nikawapa kazi ya likizo: waulizeni wazee moto ulipatikanaje kabla ya kiberiti. Wengi walirudi na kupekecha, kijiti juu ya kijiti, kama nilivyotarajia. Msichana mmoja wa Butiama akarudi na jibu la bibi yake. Bibi alimshangaa. Nani alikuwa anapekecha moto kila siku? Moto uliombwa. Ukizimika kwako unakwenda kwa jirani na kigae, unapewa makaa, na kesho yeye atakuja kwako. Msichana akaongeza lake: Brian alipata moto kwa shida kwa sababu hakuwa na jirani. Niwekeeni uhakiki huo kando ya ule wa "tusikate tamaa" muone upi una uzito.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hiyo hiyo, alilalamika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba shule inamfanya mtoto aamini maarifa yamo vitabuni tu na kwa wenye vyeti, hadi amdharau mzee wake. Riwaya ya mtoto porini ni dawa nzuri ya ugonjwa huo ikitumiwa vizuri, maana kila kurasa chache unaweza kusimama na kumtuma mwanafunzi nyumbani akaulize.

Na fasihi yetu je? Kitabu kilichokaribia hapa katika vile tulivyosoma sekondari ni Takadini cha Ben Hanson. Sekai anatoroka na mtoto wake mchanga aliyezaliwa albino, anakatiza pori akiwa amembeba, kwa sababu kijijini watamuua. Ana hofu kama ya Brian, pengine zaidi. Lakini pori si mwalimu wake wala adui wake mkubwa. Waliotaka kumuua mwanawe ni watu, na waliomwokoa ni watu, wageni wa kijiji kingine waliomfungulia mlango. Ukivuka maji kutoka upande wa Bunda kwenda Ukerewe unamkuta Aniceti Kitereza, ambaye riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ilichapwa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuimaliza kwa Kikerewe. Humo mna kilimo, uvuvi, tiba, pombe, mwenendo wa wanyama, kila kitu ambacho Brian angetamani kukijua. Lakini Myombekere akinyang'anywa mke na wakwe, maarifa yote hayo hayamtoshi. Inabidi aende akawabembeleze. Kwa Kitereza, kuachwa peke yako ni maafa.

Sasa ninyi mnaotaka kuandika. Najua mtakachofanya mkimaliza Hatchet, kwa sababu miswada nimeiona: kijana wa Dar, ndege inaanguka Serengeti, kisu mkononi, simba usiku, siku arobaini peke yake. Achaneni nayo. Siku arobaini hazifiki kabla askari wa doria, au mchunga ng'ombe aliyevuka mpaka, au mtega waya hajamkuta. Na hapo anapokutwa ndipo hadithi yetu ingeanza. Askari atafanya nini na kijana aliyekula swala? Mtega waya atamwokoa, akijua akimpeleka getini Ndabaka naye anajipeleka? Hilo Paulsen hakuweza kuliandika, ninyi mnaweza.

Au muandikeni mtoto wa Hunyari au Mariwanda anayelala kwenye kibanda shambani kulinda mahindi, na tembo wanakuja. Ana debe la kupiga kelele, ana tochi, ana matambara yaliyolowekwa pilipili na oili chafu kwenye uzio. Akipoteza shamba kuna fomu ya kifuta jasho. Akipoteza baba kuna fomu ya kifuta machozi. Maneno hayo mawili ni ya serikali, yamo kwenye kanuni, wala hakuna mshairi aliyeyatunga. Mtoto huyo ana miaka 13 kama Brian, na asubuhi ana kipindi cha kwanza. Riwaya hiyo naitaka darasani, ikae dawati moja na Hatchet.