Amri, Ombi na Kiishio -e: Tukisoma Ella Enchanted

Riwaya ya Ella Enchanted, iliyotungwa na Gail Carson Levine na kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1997, ni masimulizi mapya ya ngano ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni kwa Kifaransa: Cendrillon ya Charles Perrault, ya mwaka 1697. Imeandikiwa vijana, nayo imejaa majini na mazimwi. Hata hivyo tunathubutu kuileta mbele ya wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa kiini chake ni suala la lugha.

Katika ngano ya Perrault binti hutii kwa sababu ni mwema. Levine hakuridhika na jibu hilo. Ella wake hutii kwa sababu hana budi: alipozaliwa, jini Lucinda alimtunukia utii, na tangu siku hiyo kila amri aambiwayo humshurutisha. Sifa iliyotukuzwa katika ngano imekuwa laana. Hapo linazaliwa swali linalotuhusu sisi pia tunaolea mabinti: je, utii usioweza kukataa ni wema?

Mwandishi ameiwekea laana hiyo mipaka ya kisarufi. Amri humfunga Ella, bali ombi au tamanio halimfungi. Tena amri humfunga kwa maneno yake, si kwa nia ya msemaji: mpishi Mandy akimtuma kuleta lozi zaidi, msichana huleta mbili tu. Kwa ujanja huo mdogo anaihifadhi nafsi yake. Mazimwi nao hawahitaji kuamuru. Hubembeleza kwa sauti tamu hata mtu akubali mwenyewe kuliwa. Ella, mwenye kipaji cha lugha, anawashinda kwa lugha yao wenyewe. Kurasa hizo ndizo bora. Sehemu ya karamu za dansi na kiatu cha kioo ni dhaifu zaidi, maana mwandishi anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Kilele kinairudisha nguvu ya hadithi. Mwanamfalme Char, asiyejua habari za laana, anamwamuru Ella akubali ndoa. Ella anampenda, lakini anajua kwamba adui angeweza siku moja kumwamuru amdhuru mumewe. Anakataa, na kukataa huko kunavunja laana. Kisha, akiwa huru, anapiga magoti na kumwomba yeye wafunge ndoa.

Mfasiri wa Kiswahili atakwama hapa mara mbili. Kwanza, kiishio -e kwetu hubeba amri na ombi pamoja. Mama anayesema «ufunge mlango» ametumia umbo la adabu, lakini mtoto anajua kuwa hana hiari. Je, laana ingemfunga Ella wetu kwa «funga» tu, au hata kwa «ufunge»? Jibu halimo katika umbo la kitenzi. Limo katika cheo cha msemaji. Huenda ndiyo sababu amri nyingi katika nyumba zetu hazisikiki kama amri.

Pili, Kiingereza kina kitenzi kimoja cha ndoa kwa mume na kwa mke. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Char angesema «olewa nami». Naye Ella, aliyekwisha kukombolewa, angepiga magoti na kusema «nioe». Hata siku ya uhuru wake angebaki mtendwa. Kwa maoni yetu, neno linalofaa kinywani mwake ni «tuoane». Lina kiishio kilekile cha -e, lakini halina mtenda mmoja wala mtendwa mmoja, na mwenye kuambiwa anaweza kujibu hapana.

Mwishoni Ella anakataa kuitwa binti mfalme, anachagua kuwa mtaalamu wa lugha wa ikulu na msaidizi wa mpishi. Tungependa kumwona mwanafunzi wetu mmoja akiitafsiri sura hiyo. Atagundua kwamba sarufi aliyoihesabu kuwa somo la mtihani tu imekuwa ikizungumza juu ya dada zake.