Ngozi Inapovuja, Mwili Huunguza Mafuta

Mwaka 2002, timu ya James Ntambi, mwanabiokemia mzaliwa wa Uganda aliyesoma Makerere na kisha kufundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, ilionyesha jambo la kushangaza: panya wa maabara waliozimwa jeni ya Scd1 walikula kuliko wenzao, lakini hawakunenepa. Jeni hiyo hutoa kimeng'enya kinachogeuza asidi ya steariki kuwa asidi ya oleiki. Wengi walilielekea ini: likikosa kimeng'enya hicho, litaacha kutengeneza mafuta na kuanza kuyachoma.

Hata hivyo, panya hao walikuwa na dalili nyingine waziwazi: manyoya haba, macho yaliyosinyaa, na tezi za mafuta za ngozi zilizonyauka. Dalili kama hizo zilielezwa tangu 1965 katika ukoo wa panya uitwao asebia, na mwaka 1999 ikabainika kwamba kasoro yao imo katika jeni hiyohiyo.

Swali lilitatuliwa kwa kuzima jeni katika kiungo kimoja kimoja. Mwaka 2007 ilizimwa kwenye ini peke yake. Panya walipolishwa mafuta mengi, walinenepa kama kawaida. Mwaka 2009 timu ya Ntambi ilitumia kimeng'enya cha Cre, kinachokata jeni, na kukiwekea swichi ya keratini 14 ili kifanye kazi kwenye ngozi. Ini lilibaki na Scd1 yake, lakini panya hawakunenepa. Chanzo kilikuwa ngozi.

Namna inavyotokea inaeleweka. Bila asidi ya oleiki ya kutosha, tezi hunyauka, na seramidi zinazoziba tabaka la juu la ngozi hupungua. Maji huvukizwa ovyo, na kila gramu inayotoka huondoka na takriban kilojuli 2.4 za joto. Maabara nyingi huwa na nyuzi 22 hivi, ilhali panya hustarehe karibu na nyuzi 30. Basi mafuta ya kahawia huongeza UCP1, protini inayozalisha joto, na kuunguza akiba mfululizo, kama jiko linalokolezwa ndani ya nyumba isiyo na paa.

Jaribio lililonigusa zaidi lilifanyika Cologne, Ujerumani, mwaka 2007. Watafiti waliwapaka panya waliozimwa jeni ya Scd1 mafuta kwenye ngozi. Uvujaji ukapungua sana, uwezo wa kuhimili baridi ukarudi, na kasoro za umetaboli zikatulia. Jeni ilikuwa bado imezimwa. Kilichobadilika ni kizuizi cha ngozi.

Wembamba ule, basi, haukuwa afya. Ulikuwa gharama ya kupambana na baridi, na panya hao wakipelekwa penye baridi kali hufa. Anayejaribu dawa ya unene kwa panya apime kwanza maji yanayopotea kwenye ngozi na joto la chumba, ndipo aamini mizani.