Yadi Sita, Tai Themanini

Pisi moja ya kitenge ina yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu, na upana wake ni takriban sentimita 116. Ukiipeleka kwa fundi akukatie mashati ya wanaume ya mikono mifupi, atakutolea 3, pengine na kipande cha mfuko. Pisi hiyohiyo ukiikatia tai za kipepeo, unaweza kutoa 80. Kwangu mimi hesabu hiyo inaeleza vizuri kuliko hotuba yoyote ya ujasiriamali jinsi kizazi kizima cha wabunifu wa Rwanda kilivyosimama, na kwa nini mbunifu anayejitegemea hapa Gisenyi angefanya vyema kuwasoma kwa makini kabla hajanunua mashine ya pili.

Tazama walivyoanza. Teta Isibo aliifungua Inzuki Designs mwaka 2010 kwa vito na mapambo ya mwilini: hereni, mikufu, bangili. Matthew Rugamba aliianzisha House of Tayo mwaka 2011 akiwa bado mwanafunzi Marekani, na kitu chake cha kwanza kilikuwa tai ya kipepeo ya kitenge. Mwaka 2013 Kevine Kagirimpundu na Ysolde Shimwe walianzisha Uzuri K&Y, viatu vyenye soli ya matairi yaliyokwisha kazi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanza na gauni la harusi au suti kamili, ingawa baadaye House of Tayo ilifika huko: Januari 2018, siku ya kuonyeshwa kwa mara ya kwanza filamu ya Black Panther kule Los Angeles, Junior Nyong'o, ndugu yake mwigizaji Lupita Nyong'o, alivaa vazi la nyumba hiyo. Kati ya tai ya kwanza na siku ile ni miaka 7.

Watu wengi wanaposimulia habari hizi huanzia Los Angeles. Mimi nataka tuanzie mezani, penye mkasi na chaki, kwa sababu huko ndiko uamuzi ulikofanyika.

Tai ya kipepeo iliyokwishafungwa, ya kuvaa kwa kulabu, ina vipande 3. Kwanza mbawa: kama unataka tai yenye upana wa sentimita 12 na kimo cha 6.5, unakata mstatili wa 26 kwa 15, ukiwa umeshahesabu mshono na sehemu ya kupandana kwa nyuma. Pili, mshipi wa shingoni, 52 kwa 6. Tatu, kifundo cha katikati, 8 kwa 6. Sasa tandika kitenge. Kwenye upana wa 116 mbawa 4 zinakaa sambamba na kuchukua sentimita 104. Chini yake mishipi miwili miwili, mistari miwili, nayo inachukua 104 hiyohiyo. Pembeni unabaki ukanda wa sentimita 12. Toa pindo lenye maandishi ya kiwanda, kinachobaki kinatosha vifundo vyote. Kwa hiyo kila sentimita 27 za urefu zinakupa tai 4 kamili. Yadi moja inatoa 12 na kubakiza ukanda wa sentimita 10. Pisi nzima inatoa 80 na kubakiza sentimita chache tu.

Tuweke bei za mfano, ili tuone fedha inavyotembea. Tuseme pisi umeinunua faranga 18,000. Kitambaa cha tai moja kimekugharimu faranga 225. Kitambaa cha shati moja kimekugharimu 6,000. Halafu tuseme umeona kitenge kizuri mara mbili, cha faranga 36,000. Tai imepanda kwa faranga 225, na mteja hatatambua tofauti hiyo kwenye bei. Shati limepanda kwa 6,000, na mteja ameshaanza kugeuka kuondoka. Mbunifu wa tai ana uhuru wa kuchagua kitambaa kwa jicho lake, wakati mbunifu wa shati anachaguliwa na mfuko wake. Kwenye kitu kidogo, karibu thamani yote imo katika kazi ya mkono na katika uamuzi wa nini kikatwe wapi, na hizo ndizo mali pekee ambazo kijana asiye na mtaji anazo tele.

Shati lina mzigo mwingine: saizi. Ukitaka kutundika mashati dukani lazima uwe na ndogo, ya kati, kubwa na kubwa zaidi. Moja moja tu, tayari umetumia yadi 8, na bado anaweza kuja mteja umwambie yake imekwisha. Tai yenye pete ya kurekebishia urefu inamkaa mwembamba na mnene. Hereni haiulizi saizi. Kazuri ya Nairobi, iliyoanzishwa na Susan Wood mwaka 1975, ilijengwa juu ya ushanga wa udongo, ambao nao hauulizi saizi. Uzuri K&Y walichukua njia ngumu zaidi, maana kiatu kina saizi nyingi kuliko hata shati; usomaji wangu ni kwamba waliiweza kwa kuwa malighafi yao kuu ilikuwa tairi kuukuu, kitu ambacho mtu anaweza kuwa nacho kingi stoo bila fedha yake yote kulala humo.

Nirudi kwenye mkasi, kwa sababu zile tai 80 ni za mtu anayekata tu. Mbunifu hapati 80. Kitenge chenye ua kubwa la sentimita 30 ukikikata kwa mfuatano, mbawa za sentimita 12 zitaonyesha nusu jani hapa na doa la rangi pale, wala mtu hatajua ulichokusudia. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua kitenge chenye michoro midogo inayojirudia karibu karibu. Ya pili, ninayoiheshimu zaidi, ni kukata kiolezo cha karatasi ngumu chenye dirisha la 26 kwa 15, ukalisogeza juu ya kitambaa hadi jicho la ua likae panapotakiwa, kushoto na kulia vikiitikiana, ndipo upige chaki. Utapoteza kitambaa kingi. Pisi iliyokuwa itoe 80 inaweza kukutolea 50. Gharama ya kitambaa imepanda kutoka 225 hadi 360 kwa tai. Faranga 135 ndizo zinazotenganisha tai ya mbunifu na tai ya mtu yeyote mwenye cherehani, na ni vigumu kupata mahali pengine ambapo ubunifu ni rahisi kiasi hicho.

Kabla ya hapo kuna kazi ambayo wengi wanairuka. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya kiwe kigumu na king'ae; kikifuliwa kinalegea na kupungua kidogo. Loweka pisi nzima, anika kivulini, piga pasi, ndipo upime. Chovya kona moja kwenye maji na uibane na kitambaa cheupe uone kama rangi inatoka, kwa maana tai inakaa juu ya shati jeupe la bwana harusi na jasho la mchana lipo. Gamu iwe ile ya kola, yenye kushika kwa pasi, nayo ikatwe ndogo kuliko kitambaa ili mshono usivimbe. Kifundo kishonwe kwa mkono nyuma. Mashine hapo huacha mstari unaoonekana, na mteja wa tai hutazama kwa karibu kuliko mteja wa gauni, kwa sababu kitu chenyewe ni kidogo na kiko chini ya kidevu.

Sasa soko. Caguwa, yaani mitumba, ilipandishiwa ushuru nchini mwaka 2016, kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na Marekani ikajibu Julai 2018 kwa kuzisimamishia nguo za Rwanda nafuu ya AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa Marekani bila ushuru. Mjadala ule ulikuwa mkubwa na wa haki, lakini kwa mbunifu mdogo naona jibu lilikuwa limeshapatikana kabla ya ushuru wenyewe. Shati lako jipya linapambana na shati la caguwa kwa bei, na litashindwa kwa muda mrefu hata ushuru ukiwepo. Tai iliyokatwa kutoka kitenge kilekile walichoshona wasimamizi wa bibi harusi haina mpinzani katika robota lolote.

Hapo ndipo Gisenyi inapoizidi Kigali, na nasema hivyo kwa uhakika. Mji huu na Goma ya Kongo ni mtaa mmoja uliokatwa na vizuizi vya mpaka. Makumi ya maelfu ya watu walizoea kuvuka kizuizi cha Petite Barrière kwa miguu kila siku, na mkataba wa CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ulitiwa saini hapahapa mwaka 1976; maisha ya pande hizi hayakuwahi kutengana. Goma wanakijua kitenge. Mama wa kule anatambua kwa kidole wax ya Uholanzi, ile ya Vlisco, kampuni iliyoanza Helmond mwaka 1846, na anaitenga na ile ya kuiga bila kusoma pindo. Harusi zao zina sare: upande wa bwana harusi kitambaa hiki, upande wa bibi harusi kile. Wasimamizi 8, baba wawili, wajomba, watoto wa maua: hiyo ni oda ya tai 15 au 20 kutoka familia moja, na kitambaa wanakuletea wenyewe. Gharama yako ya malighafi inabaki gamu, uzi na kulabu.

Oda ya harusi inatibu na ugonjwa mwingine wa biashara changa, nao ni kulala kwa fedha. Wengi huanza kwa mali kauli: wanapeleka vitu 30 kwenye duka la hoteli huko ufukweni, muuzaji atalipa vikiuzwa. Si vibaya kwa kuonekana, na watalii wa wikiendi kutoka Kigali hununua kweli. Lakini vitu 30 vilivyolala hotelini miezi miwili ni mtaji wako umefungwa mlango. Vipeleke 6, vya rangi 6, ubadilishe kila baada ya wiki mbili. Harusi ni kinyume chake: avansi nusu siku ya kupokea kitambaa, nusu siku ya kukabidhi, na tarehe haisogei. Kwa mteja wa ng'ambo ya mpaka ningesisitiza avansi hiyo zaidi. Waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025, benki za upande ule zikafunga milango, na fedha taslimu ikawa shida kwa watu waadilifu kabisa. Wala usikopeshe kwa kumwonea mtu huruma ukaishia kumdai jirani kwenye msiba. Mweleze masharti mapema, kwa heshima: "Mama, kitambaa nimekipokea, tai ni 16, nusu leo, nusu Ijumaa." Andika kwenye daftari lenye nakala, umpe yake.

Kwenye bei, kosa ninaloliona kwa vijana wengi wenye vipaji ni kuhesabu kitambaa na fundi na kujisahau wenyewe. Saa ulizotumia kusogeza kiolezo juu ya kitenge ni kazi. Pima: ukikata na kupanga tai 10 zenye michoro inayoitikiana, umetumia saa ngapi? Gawa. Jilipe angalau kiwango ambacho ungemlipa fundi mzuri kwa saa hizo, kisha juu yake uweke faida ya biashara, ambayo ni kitu kingine kabisa. Mshahara wako unalisha nyumba. Faida inanunua pisi ijayo.

Uandikishaji hauna sababu ya kumtisha mtu. Kusajili biashara kwenye mtandao wa RDB, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, ni bure, na VAT inalazimu pale tu mauzo yanapopita kiwango kilichowekwa, ambacho meza moja ya tai haitakifikia haraka. La kufikiria kwa kina zaidi ni nini hasa unamiliki. Mchoro wa kitenge si wako. Ni wa kiwanda. Umbo la tai ya kipepeo ni la dunia nzima. Fundi wa soko kuu akiipenda kazi yako ataiiga ndani ya wiki, na sheria haitamzuia kukata mstatili wa 26 kwa 15. Kinachobaki mikononi mwako ni jina, na alama ya biashara ikisajiliwa RDB inalindwa kwa miaka 10, nayo huongezwa muda. Rugamba na Isibo wote waliitangulizia kazi yao jina tangu kitu cha kwanza, wakati walichokuwa nacho kilikuwa tai na hereni. Kwa hiyo kwenye pisi ya kwanza kabisa, ule ukanda mwembamba uliobaki usiutupe: kata humo vitambulisho vidogo vya jina, vishonwe nyuma ya mshipi, mahali ambapo mvaaji anavishika kila anapofunga kulabu.