Kitabu cha Burton na Nchi ya Wajiji

Kitabu kiitwacho The Lake Regions of Central Africa kilipigwa chapa London mwaka 1860, mabuku mawili. Mwandishi wake ni Richard Burton, Mwingereza aliyefika kwetu Ujiji mwezi wa Februari 1858 pamoja na mwenziwe John Hanning Speke. Burton alikuwa mgonjwa wa kuchukuliwa, miguu haina nguvu. Speke naye macho yake yalikuwa hayaoni vema. Wakakaa pwani hii ya ziwa hata mwisho wa Mei. Kabla ya hapo hapakuwa na kitabu cha Kizungu kilichoeleza nchi yetu kwa macho ya mtu aliyeiona, na waliokuja baadaye wamekichota sana, wengine kwa kukitaja, wengine kwa kunyamaza.

Sisi walimu wa Kigoma tumo katika hao wanyamazao. Mengi tunayowasomesha watoto juu ya jimbo lao yametoka katika kurasa hizi, yakapita katika vitabu vidogo vya darasani, wala hatuulizi asili yake. Kwa hiyo nimeona yafaa kukipima kitabu chenyewe katika mambo matatu: nchi, habari za kale na lugha.

Katika habari za nchi Burton astahili sifa kuliko wengi wanavyomjalia. Mfano ulio bora ni ule wa mto Rusizi. Alitamani sana mto ule uwe unatoka ziwani kwenda kaskazini, kwani hapo angeweza kusema ameiona asili ya Mto Naili. Mwezi wa Aprili 1858 wakapanda mitumbwi mpaka Uvira. Huko wana watatu wa Maruta, mkubwa wa nchi ile, wakamwambia kwa kauli moja ya kuwa Rusizi waingia ziwani, hautoki. Habari hii ilimvunja moyo, naye asema hivyo waziwazi. Lakini aliiandika kama alivyoisikia, akawataja walioisema. Hakufika mwenyewe penye mlango wa mto, ila alikubali ushahidi wa wenye nchi juu ya matakwa yake.

Laiti angalisimama hapo. Katika ule ugomvi wake na Speke juu ya Naili aligeuka, na mwaka 1864 akaandika ya kuwa yamkini mto ule watoka katika Tanganyika baada ya yote. Hakurudi Uvira kuuliza tena. Ni fikira zake tu zilizobadilika. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mlangoni pa Rusizi, wakaona maji yakiingia ziwani. Wana wa Maruta walikuwa wamesema kweli miaka kumi na mitatu kabla.

Vipimo vyake vya urefu wa nchi si vya kutegemea. Alipima kwa joto la maji yachemkayo, akapata ya kuwa uso wa ziwa uko juu ya bahari kwa futi 1,850. Leo twajua ni kadiri ya futi 2,540, yaani mita 773 hivi. Alisema pia ya kuwa ziwa halina pa kutokea, na hili wengi wamemcheka, kwa sababu Cameron aliuona mto Lukuga upande wa magharibi mwaka 1874. Mimi simcheki. Lukuga ulikuwa umezibwa na majani na matope, na maji ya ziwa yalikuwa yakipanda miaka ile. Yalianza kushuka sana baada ya mwaka 1878, kizuizi kilipokatika. Ndiyo sababu ukumbusho wa Livingstone pale Ujiji leo uko mbali na maji, na mgeni akiuona hushangaa mitumbwi ilifungwa wapi. Ziwa letu hupanda na kushuka, kama walivyoona tena watu wa bandarini Kigoma miaka hii ya karibu.

Lakini nusu ya jimbo hakuiona kabisa. Njia yake ilikuwa ya kusini, kupita Uvinza penye chumvi na kuvuka Malagarasi. Nyanda za juu, Heru na Muhambwe na Buyungu, nchi za bami na ng'ombe, amezieleza kwa maneno ya wapita njia. Msomaji akikuta humo habari za Uha na azisome kama uvumi.

Habari za kale ni chache kitabuni, nazo ni habari za misafara: ya kuwa Waarabu walianza kufika Ujiji karibu na mwaka 1840, na ushanga gani ulipokewa sokoni, na bei ya pembe na ya watu. Juu ya mambo ya soko ni shahidi mwema, kwa sababu alinunua mwenyewe na mali ilikuwa ikimwishia. Juu ya tabia za Wajiji ni shahidi mbaya, na kwa sababu ile ile. Yuko mtu mmoja humo, Kannena, mkubwa wa Kawele, ambaye Burton hamwachi bila ya kumtukana: mlafi, mlevi, mkorofi. Haya, yawezekana. Lakini tukifuata hadithi yenyewe twaona ya kuwa Kannena ndiye aliyetoa mitumbwi, akaenda naye mpaka Uvira na kumrudisha hai. Mgeni aliingia katika nchi ya watu bila ya mali ya kutosha, akaona kila ada ni unyang'anyi. Na kalamu ilikuwa mkononi mwa upande mmoja tu. Dharau anayowatupia watu weusi katika kurasa nyingi sitaieleza hapa. Msomaji ataikuta bila ya msaada wangu.

Sasa lugha, na hapo ndipo penye shida yetu hasa.

Burton alikijua Kiswahili, naye aeleza vema kanuni ya silabi za mwanzo: U- ni nchi, M- ni mtu, Wa- ni watu, Ki- ni lugha. Kwa kanuni hii akaandika Uha na Waha, Ujiji na Wajiji. Kanuni ni kweli, lakini ni ya Kiswahili. Mwenye nchi husema Buha, na watu wake ni Abaha, na lugha yake ni Igiha. Jina lake hutanguliwa na irabu, kama ilivyo katika Kirundi na Kinyarwanda, ndugu zake wa karibu. Tena lugha ile hupanda na kushuka kwa sauti, wala Kiswahili hakina dalili ya kuandika jambo hilo. Burton aliuliza kwa lugha ya msafara, akajibiwa na watu wa lugha ya msafara. Majina aliyoyapata yamevikwa kanzu kabla ya kuingia kitabuni.

Mimi sisemi ni dhambi kuyavika. Sisi nasi twasema Ujerumani, na Wajerumani hawatudai. Ubaya huanza pale jina la mgeni linapofanywa ushahidi wa maana. Burton asema Tanganyika ni mahali pa kukutana, yaani maji kuchanganyika, akilinganisha na neno la Zanzibar. Stanley alipozunguka ziwa mwaka 1876 aliuliza tena, akashika maana nyingine, ya ziwa lililotandaa kama nyika. Hawa ni wasafiri wawili, na maana mbili. Wana wa Maruta alitutajia. Lakini aliyempa maana ya jina la ziwa ni nani, wa kabila gani, wa pwani gani? Hatuambiwi.

Na ajabu ni hii, ya kuwa penye jambo la lugha alilolisema sawasawa hatukumfuata. Aliandika dhahiri ya kuwa Ujiji ni jina la jimbo, si la mji mmoja. Vijiji vilikuwa na majina yao, kama Kawele na Ugoi. Waliokuja nyuma yake wakaushika mji na kuliacha jimbo. Leo twasema Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na mtoto akiulizwa Bujiji ni nchi gani, hunyamaza, naye amezaliwa humo.

Yanipasa kukiri kosa langu. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto maana ya tatu, niliyoikuta katika kitabu cha darasani, ya kuwa Tanganyika ni tanga na nyika: tanga la chombo katikati ya nyika. Niliandika ubaoni kwa chaki, wakanakili, wakaiandika katika mtihani wakapata alama. Hata siku moja kijana wa wavuvi wa Kibirizi akasimama akasema, “Shikamoo Mwalimu, nauliza. Babu zetu walipiga kafi. Tanga lilikuja na wageni. Basi ziwa lilikuwa halina jina mpaka wageni waje?” Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu, nikamwambia akae.

Jioni nilikwenda kwao. Babu yake alikuwa akianika dagaa, nikamwamkia, nikamweleza swali la mjukuu wake. Akafikiri kitambo, akasema wao huliita ziwa tu kwa lugha yao, kwa kuwa hakuna ziwa jingine mbele ya mlango wao la kulitofautisha nalo. Nikamwuliza, je, na Tanganyika? Akasema jina hilo amelisikia tangu utoto, ila hakuwahi kumsikia mzee akilifasiri.

Kazi ambayo Burton hakuweza kuifanya imeanza kufanywa na wengine. Mwaka 2004 Lotta Harjula alitoa kitabu cha sarufi ya Kiha pamoja na masimulizi na msamiati, na kabla yake, mwaka 1973, Beverly Brown aliandika juu ya historia ya mji wa Ujiji. Vyote viwili ni vya Kiingereza, wala sijaviona katika shule yo yote ya ufuo huu. Watoto wetu wanaosema Kiha nyumbani hawajapata kukiona kimeandikwa sawasawa, isipokuwa katika majina yao wenyewe, nayo twayaandika kwa makosa katika daftari la mahudhurio.

Mwaka huu nimeyapitia tena madaftari ya jiografia. Penye neno Tanganyika tumefuta ile habari ya tanga. Nimewaambia waandike kauli ya Burton na mwaka wake, na kauli ya Stanley na mwaka wake, kisha waache mistari miwili mitupu chini yake.