“Chagua Jibu Sahihi”: Viwakilishi na Njeo katika Maswali ya Kiingereza huko Kericho na Bomet

Katika darasa moja la shule ya msingi, upande wa Bomet unaopakana na mashamba makubwa ya chai, nilikuta swali la Kiingereza lililoachwa ubaoni: “Chebet told Kibet that ____ mother was at the factory.” Mwanafunzi alitakiwa kuchagua neno moja kati ya manne: “his”, “her”, “its” na “their”. Kando ya “her” palitiwa alama ya vema kwa chaki nyekundu. Nilikwenda huko kumkagua mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha Kiswahili, na swali lile halikunihusu. Hata hivyo nililinakili, kwani limebeba karibu kila kasoro ambayo makala haya yanakusudia kuieleza.

Tuanze na lililo wazi. Sarufi ya Kiingereza haitoi amri kwamba kimilikishi cha namna hii, ambacho vitabu vya shule hukihesabu miongoni mwa viwakilishi, lazima kirejee kwenye kiima cha sentensi. Ikiwa mama ni wa Chebet, “her” ni sahihi. Ikiwa ni wa Kibet, “his” ni sahihi. Na ikiwa Chebet na Kibet ni ndugu, “their” ni sahihi vilevile. Katika majibu manne ni moja tu linaloweza kukataliwa bila mabishano. Mtunzi wa swali alikuwa na kisa kichwani mwake, akakiondoa, kisha akamtaka mtoto akibuni upya na kukipata kile kile. Aliyechagua “his” hakukosea Kiingereza; alibuni kisa kingine.

Sasa tumtazame mtoto mwenyewe. Lugha yake ya kwanza, Kipsigis, haimbagui mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu: “ine” ni mmoja tu, kama “yeye” wa Kiswahili. Baadhi ya walimu husema kwamba watoto huchanganya “he” na “she” kwa sababu lugha zetu hazijui jinsia. Kauli hiyo haina msingi. Jinsia katika Kipsigis imo ndani ya majina ya watu. Kibet na Chebet ni jina moja la aliyezaliwa mchana, la kwanza la mvulana na la pili la msichana. Vivyo hivyo Kiprono na Cherono, Kipkemoi na Chepkemoi. Mtoto wa Bomet asomapo swali hili anajua, hata kabla hajafika kwenye pengo, yupi wa kike na yupi wa kiume. Mtoto wa Lamu hana hakika hiyo. Hivyo basi swali linalodaiwa kupima viwakilishi vya Kiingereza hupima pia ujuzi wa majina ya watu wa sehemu fulani, na mtahini hana njia ya kujua ni kwa kiasi gani.

Katika njeo tofauti ni kubwa zaidi, na hapa ndipo sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika tulipaswa kusikika mapema. Kikalenjin kimechambuliwa vya kutosha. Taaitta Toweett, mzaliwa wa nchi hiyo ambaye aliwahi pia kuwa Waziri wa Elimu, alichapisha uchunguzi wake mwaka 1979. Sarufi ya Kinandi ya Chet Creider na Jane Tapsubei Creider ilitoka mwaka 1989. Msomaji wa kazi hizo hawezi kudai kwamba mtoto wa Kipsigis huingia darasani akiwa na upungufu wa njeo. Wakati uliopita katika lugha yake una mafungu matatu: “ka-” kwa jambo la leo, “koo-” kwa la jana au siku chache zilizopita, na “ki-” kwa la zamani. Kiingereza huyarundika yote matatu katika “went”. Mtoto huyu ana ziada, naye anaombwa aipunguze.

Mwalimu, kwa nia njema, humpa kanuni fupi: ukiona “yesterday” tia “-ed”, ukiona “just” au “today” tia “have”. Kanuni hiyo ikikutana na “ka-” huzaa, kwa maoni yangu, sentensi ya aina ya “She has left at six this morning”. Tendo ni la leo. La leo ni “ka-”. “Ka-” ni “have”. Hoja imenyooka. Ila Kiingereza hakikuuliza kama ni leo au jana. Kiliuliza kama saa ya tendo imekwisha kutajwa na kufungwa, na swali hilo mtoto hajawahi kuelezwa kwamba lipo.

Kilomita chache kutoka hapo, ndani ya mashamba yenyewe, yupo mtoto wa pili. Tangu makampuni ya chai yalipoanza kazi Kericho katika miaka ya 1920, wachumaji wametoka kwa Wakipsigis, na pia kwa Waluo, Wagusii na Waluhya. Katika kambi za wafanyakazi Kiswahili ndicho lugha ya bombani, ya penye mizani ya chai na ya uwanja wa mpira. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 iliizingatia hali ya namna hii ilipopendekeza kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na kwa Kiswahili pale ambapo watu wamechanganyika. Mpe mtoto huyu sentensi “Be quiet, the baby ____”, na majibu “slept”, “has slept”, “sleeps” na “is sleeping”. Kwake yeye, mtoto amelala. Kiambishi “-me-” hapa hakisemi kwamba kulala kumekwisha. Kinasema kwamba hali ya kulala ipo sasa hivi, kama katika amesimama, amevaa, amechoka. Lakini ameambiwa tangu darasa la nne kwamba “-me-” ni “has”. Atachagua “has slept”, na atashangaa kukosa.

Wote wawili wamekimbilia “has”, kila mmoja kwa njia yake. Wa kwanza anahitaji kuelezwa tofauti kati ya siku na saa, wa pili tofauti kati ya tendo na hali. Karatasi ya majibu huandika kosa, basi, na mwalimu hurudishiwa alama asizoweza kuzifanyia kazi. Majibu ya kupoteza yametungwa kwa kuchungulia ndani ya Kiingereza chenyewe: umbo moja sahihi, na maumbo matatu ya kitenzi hicho hicho yaliyookotwa mezani. Hakuna aliyejiuliza mtoto wa lugha fulani angeteleza wapi.

Haki itendeke kwa watahini. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulifikia watahiniwa zaidi ya milioni 1 kwa mwaka, na karatasi za idadi hiyo hazisahihishwi bila mashine. Tena, karatasi yake ya Kiingereza ilikuwa na vifungu vyenye mapengo, ambamo kisa kilitangulia na njeo ikapata mahali pa kusimama. Huko ndiko kulikokuwa na maswali bora. Ugonjwa ulikuwa hasa katika karatasi za majaribio na mazoezi ya kila wiki, yale ya sentensi moja moja isiyo na mwanzo wala mwisho, ambayo mtoto aliyafanya kwa mamia kabla ya kuufikia mtihani wenyewe. Na alama moja au mbili ziliweza kumtenga na shule ya sekondari aliyoitamani. KPSEA, ulioanza mwaka 2022, umeendelea na mtindo wa kuchagua.

Ningependa kuishia hapo na kuwalaumu wenzetu wa idara ya Kiingereza, lakini nyumba yetu si safi. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la mtihani mwaka 1985, tuliazima kalibu ile ile. Tunamwuliza mtoto “Mama amechuma chai” iko katika wakati gani, na miongoni mwa majibu tunamwekea wakati uliopita na wakati timilifu, kana kwamba ni vitu vya daraja moja. Vitabu vingine husema “wakati timilifu”, vingine “hali timilifu”, na mtoto hukosa au hupata kwa kutegemea kitabu alichonunuliwa. Mgawanyo wenyewe wa njeo zetu umepita mikononi mwa Waingereza. Sarufi ya Ashton ya mwaka 1944 bado inanong’ona ndani ya vitabu vya shule, wakati mwingine kwa tafsiri isiyoelewa alichosema. Yeye mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi kuliko waliomfuata. Nilipokuwa ng’ambo nikisomea shahada ya pili niliona haya kidogo kuambiwa jambo hilo na mtu asiyejua Kiswahili.

Turudi ubaoni. Kipindi kilipokaribia kwisha nilimwomba mwanachuo wetu awape watoto ile sentensi waiseme kwa Kiswahili. Wakasema: “Chebet alimwambia Kibet kwamba mama yake yuko kiwandani.” Nilitambua kwamba ile “was” imegeuka “yuko” bila mtu kutatizika, maana Kiswahili hakilazimishi usemi wa taarifa urudi nyuma. Nikauliza mama ni wa nani. Darasa likagawanyika. Msichana mmoja wa nyuma akashikilia kwamba ni mama wa Kibet, kwa sababu mama angekuwa wa Chebet, Kibet angeambiwa ya nini? Mvulana akamjibu kwamba labda Kibet alitumwa kumtafuta mama wa Chebet. Mwingine akasema hao ni ndugu, majina yanaonyesha. Walibishana hadi kengele ikalia, na tulipotoka nje mwanachuo akaniuliza kwa sauti ya chini ni jibu lipi alipaswa kuliacha pale ubaoni.